Wilson A2000 1786: glavu ya shotistopu asiyekuwa na haraka ya kuilainisha

Mario Mendoza wa Chihuahua, Meksiko, alicheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani kuanzia 1974 hadi 1982 kwa wastani wa kupiga wa .215, yaani alipiga vizuri mara 215 katika kila nafasi 1,000. Kwa utani, wastani wa .200, kipimo cha mpigaji dhaifu, unaitwa mstari wa Mendoza mpaka leo. Lakini mpigaji dhaifu hivyo havumiliwi misimu tisa bure. Alikuwa shotistopu, mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, na kwao walimbandika jina la Manos de Seda, yaani mikono ya hariri, kwa ustadi wake wa kudaka. Baadaye akawa kocha. Shotistopu analipwa kwa kazi ya glavu, kwa hiyo glavu hii ya kampuni ya Wilson, A2000 modeli 1786, tuipime hapo: mpira ukiingia, unatoka upesi?

Unatoka. Ni glavu ya inchi 11.5, kama sentimita 29, wakati za wachezaji wa nyuma uwanjani hufika inchi 12.75. Mfuko wake, yaani sehemu inayodaka mpira, si wa kina, hivyo mkono wa kurushia unaukuta mpira palepale bila kupapasa. Wavu ulio kati ya kidole gumba na cha shahada umesukwa ukiwa na matundu, nayo huachia vumbi lidondoke badala ya kukaa chini ya mpira. Tatizo la wavu huo ni kamba: zikilegea, mpira mkali unausukuma nyuma. Kagua mafundo ya juu ya wavu na ya kisigino, sehemu ya chini ya glavu karibu na kifundo cha mkono, uyakaze mapema.

Ikiwa mpya, ngozi ni ngumu kama ubao. Paka mafuta ya glavu kidogo tu, kiasi cha punje ya harage, mfukoni, kwenye mikunjo na kwenye kamba. Ukizidisha, ngozi inalewa mafuta, inakuwa nzito na inapoteza umbo. Gongagonga mfuko kwa nyundo ya mbao, kisha udake mipira mingi. Hakuna njia ya mkato inayoshinda hiyo. Mambo ya kuitia kwenye oveni yaache kabisa: joto hukausha kamba, zikakatika katikati ya mchezo.

Mchezaji anayetoka ligi ya kiangazi ya Meksiko akaingia ile ya majira ya baridi pwani ya Pasifiki anaitumia karibu mwaka mzima. Huyo afute jasho kila baada ya mchezo, aikaushe kivulini na aihifadhi ikiwa na mpira ndani.

Kwa dola 300 hivi, si ya kumnunulia mtoto ambaye mkono bado unakua. Wa besi ya tatu naye atafute kubwa kidogo, inchi 11.75 au 12. Na unapoagiza, angalia herufi RHT: ni ya anayerusha kwa mkono wa kulia, yaani inavaliwa kushoto. Wengi huagiza kinyume, na glavu ikishapakwa mafuta, huenda duka lisirudishe pesa.