Skripti ya kugeuza .bin kuwa .8xp: baiti mbili zilizonikesha

Nina kikokotoo cha TI-83 Plus cha mtumba, na jioni huwa nakiandikia vijiprogramu kwa asembli, lugha ya prosesa yake ya Z80. Asembla yangu (inayogeuza msimbo kuwa baiti) hutoa faili la .bin, baiti tupu, na kikokotoo hakilitaki, chenyewe kinajua faili la programu la .8xp. Ndiyo maana nikashusha skripti hii ya Python. Ni ya bure.

Kazi yake kwa mkono inachosha. Skripti inaanza na maandishi **TI83F*, inaweka jina lisilozidi herufi 8, inaandika urefu wa data, kisha inajumlisha baiti zote za data na kubakiza biti 16 za chini kama hesabu ya ukaguzi. Amri moja tu, faili likatoka papo hapo, likapita kwenye kebo bila shida.

Kasheshe ilianza nilipoendesha. Programu ilitakiwa kuandika HABARI, basi. Nikaweka Asm(prgmHABARI), ENTER, ikatoka E, halafu kialama nisichokijua, ndipo HABARI. Nikapekua msimbo wangu hadi saa nane usiku. Kumbe programu za aina hii lazima zianze na baiti BB 6D. Mimi nilishaziweka mwenyewe, na skripti ikaongeza za kwake bila kuuliza. Kila kitu kikasogea baiti mbili mbele, lakini anwani ya neno langu ikabaki palepale, sasa ikiangukia mkia wa amri ya kuandika na ile ya kurudi: 45 na C9. Na 45 ya heksadesimali ndiyo herufi E! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Hiyo ilikuwa nafuu. Mchezo wangu wa nyoka, uliojaa jp na call (amri za kurukia anwani nyingine), kwa kosa hilohilo ulinifikisha kwenye "RAM Cleared", na vyote ambavyo sikuviweka Archive (hifadhi isiyofutika pamoja na RAM) vikaenda na maji.

Dawa: nilifuta mstari wangu wa BB 6D nikaanzia .org $9D95, yaani anwani ambako msimbo wenyewe unaanzia. Tangu hapo imetulia, Windows na Linux sawasawa. Mwenye TI-84 Plus CE asihangaike nayo, ile ina prosesa nyingine, eZ80, na baiti zake za mwanzo ni EF 7B.

Nyota 4. Ya tano nitaitoa siku itakapochungulia baiti mbili za kwanza kabla ya kubandika zake. Ni if moja tu, jamani.