Fulana ya bendi kwa pauni 35: nilichopata, na pesa ilikokwenda

Ukienda shoo Uingereza siku hizi, kiingilio ni mwanzo tu wa matumizi. Fulana niliyonunua mimi kwenye meza ya bendi huko Birmingham ilikuwa pauni 35. Kwa pesa ya nyumbani Tanzania ni zaidi ya laki moja, na kwa ndugu zangu wa Kenya inakaribia shilingi elfu sita. Nimeshaivaa na kuifua vya kutosha, sasa naweza kuizungumzia. Bendi na ukumbi sivitaji, maana aliyenieleza hesabu zao ni kijana aliyekuwa akiuza mezani, na sitaki kumtia matatani.

Kwanza fulana yenyewe, kwa sababu kuna watu wanauliza kama inastahili. Ni nyeusi, pamba tupu, nzito kiasi kwamba ukiinyanyua mbele ya taa huoni kivuli cha mkono upande wa pili. Shingoni kuna utepe wa ndani kutoka bega hadi bega, ndiyo maana haijalegea. Mbele kuna mchoro wa rangi tatu, mgongoni orodha ya miji ya ziara kuanzia Bristol hadi Glasgow. Nilipitisha ukucha juu ya maandishi palepale mezani: wino umeshikana na nyuzi, haukukaa juu kama karatasi ya nailoni. Huo ni uchapaji wa skrini, kila rangi na fremu yake, na ukifanywa vizuri unadumu. Picha za kubandikwa kwa pasi ya moto nazijua, huanza kupasuka pale kwenye mikunjo ya tumbo. Mimi naigeuza ndani nje, maji baridi, kisha naianika kivulini. Weusi umefifia kidogo kwapani, maandishi hayajaguswa. Saizi ni pana, mwenye mwili mdogo achukue chini ya ile aliyoizoea.

Vingine mezani: sweta lenye kofia pauni 65, santuri 28, CD 12, mfuko wa kitambaa 15, bango 10, fulana ya mtoto 20. Malipo ni kwa kadi tu. Bendi iliyofungua shoo ilikuwa na kona yake ndogo mwisho wa meza ileile, fulana zao pauni 20, na niliona watu wengi wakizipita bila hata kugeuza shingo. Inaniuma, maana wale ndio wanaosafiri kwenye gari moja na ngoma zao na kulala kwenye makochi ya marafiki.

Shemeji yangu niliyekwenda naye alinivuta mkono. "Shem, laki na ushee kwa fulana? Karume ungepata ngapi?" Hakukosea. Kwenye mitumba ya Karume, Dar, au Gikomba, Nairobi, fulana za ziara za bendi kubwa za Marekani na Ulaya hupatikana katikati ya rundo, na anayeijua bendi hushikwa na furaha peke yake huku muuzaji akiita bei moja kwa zote. Hata mimi ninazo. Lakini ile pesa ya mtumba mwanamuziki haimfikii, na usiku ule mimi nilitaka imfikie. Kwa sababu hiyohiyo sikununua kwa wale wa barabarani, wanaokunja fulana mkononi nje ya ukumbi na kuziuza pauni 10 au 15 shoo ikiisha. Bendi haipati hata senti pale.

Basi nikamuuliza yule kijana: katika hizi 35, ninyi mnabaki na nini?

Alicheka kwanza. Halafu akanionyesha karatasi iliyobanwa kwenye kibao, yenye mistari ya kalamu, kila saizi na safu yake. Kabla milango haijafunguliwa, mtu wa ukumbi huja na kuhesabu makasha pamoja naye, fulana kwa fulana. Shoo ikiisha anarudi kuhesabu zilizobaki. Zilizopungua ndizo zilizouzwa, na ukumbi unachukua fungu lake kwenye kila moja. Pale walikuwa wakikata asilimia 25.

Ichukue ile 35. VAT ya Uingereza ni asilimia 20, na imo ndani ya bei, kwa hiyo pauni 5.83 ni za serikali. Inabaki 29.17. Ukumbi unachukua robo yake, pauni 7.29. Imebaki 21.88. Kutengeneza fulana nzito yenye rangi tatu mbele na maandishi nyuma, kwa oda ndogo ya bendi ya kati, aliniambia kunawagharimu kama pauni 8. Tumefika chini ya 14, na hapo hujamlipa yeye muuzaji, hujalipa gari linalobeba makasha, hujamgawia meneja, wala hujagawa kwa watu watano jukwaani. Ukumbi uliotoa meza na taa umeondoka na zaidi ya pauni saba, na ukumbi huohuo unauza bia usiku kucha bila kuigawia bendi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kodi naielewa, inalipa hospitali ninazotibiwa. Kiwanda kimefanya kazi. Lakini watu wamekuja kwa ajili ya bendi, na bia inanywewa kwa sababu bendi inapiga. Huko Marekani, mwanamuziki Clyde Lawrence wa bendi ya Lawrence aliliweka jambo hili mbele ya kamati ya Seneti mwezi Januari 2023: asilimia 20 ya mauzo ya bidhaa zao inakatwa, ilhali wao hawapati chochote kwenye vinywaji. Septemba mwaka huohuo Live Nation, kampuni kubwa ya matamasha, ikatangaza kwamba klabu zake kadhaa huko zitaacha kukata fungu hilo. Hapa Uingereza, chama cha wanamuziki kiitwacho Featured Artists Coalition kilianza mwaka 2022 kuorodhesha kumbi zisizokata kitu kwenye bidhaa, orodha inayoitwa 100% Venues. Mimi sasa naiangalia kabla ya kukata tiketi.

Mtu atasema, si wana Spotify? Tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi hata senti kwenye mgao wa Spotify. Na unaovuka hapo huingiza vipande vya senti kila unaposikilizwa. Fulana moja, hata baada ya makato yote niliyoyataja, inawapa bendi kuliko mimi kuwasikiliza mwaka mzima nikiwa jikoni. Ndiyo maana kwa wanamuziki wa kati meza ile ndiyo inayoamua kama ziara imelipa au wamerudi na deni.

Nikiwa kwenye foleni nilikumbuka tunavyofanya kwetu. Kwenye taarabu, wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda ukicheza taratibu hadi mbele, unamtunza mwimbaji noti mkononi au kifuani, unarudi kukaa. Hakuna mtu mwenye kibao aliyesimama kati yako na yeye. Kwenye dansi nimeona noti zikibandikwa kwenye paji la uso la mpiga solo naye haachi hata kamba moja. Najua baadaye bendi hugawana kwa utaratibu wao, lakini huo ni utaratibu wao wenyewe. Ningependa mapromota wa nyumbani, ambao sasa wanajifunza kuuza fulana na kofia kwenye matamasha, wasichukue tabia hii ya makato pamoja na meza.

Kwa anayekwenda shoo hivi karibuni, haya ndiyo ningemshauri. Santuri na CD zina unafuu: kumbi nyingi hutoza asilimia ndogo zaidi kwenye muziki wenyewe kuliko kwenye nguo. Kama una CD pleya kwenye gari, ile ya pauni 12 ndiyo ningeanza nayo. Fulana ya mtoto nayo ni nunuzi zuri, maana nguo za watoto wadogo Uingereza hazitozwi VAT. Nilimchukulia binti yangu moja na kitambaa ni kilekile cha kwangu. Bango liache kama unarudi na basi, litafika limekunjika. Sweta la pauni 65 nililishika, nikalipenda, nikaliacha: ndani lina manyoya ya poliesta ambayo hujisokota vidonge vidogovidogo likifuliwa, na kwa bei ile nilitegemea pamba.

Kama unaweza kusubiri, angalia kwanza Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza muziki na bidhaa zao. Wao hukata asilimia 10 kwenye bidhaa za kushikika, na katika zile Ijumaa maalumu walizoanzisha Machi 2020 kwa ajili ya wanamuziki, hawakati fungu lao kabisa. Fulana ileile niliikuta huko kwa pauni 25, ukiongeza posta. Nimeshaagiza ya shemeji, saizi kubwa, naye ameniahidi atailipia mwenyewe.