Kipima pumzi cha mgonjwa wa pumu: soma skeli kabla hujatoa hela

Agosti, vumbi la Tabora likiwa limemkaba kila mtu, kipima pumzi cha mama, kile kifaa cha kupuliza kinachoonyesha kasi ya pumzi, kilianguka sakafuni kikapasuka. Nikakimbilia mjini kununua kingine. Kesho yake alfajiri mama akapuliza: lita 245 kwa dakika. Akarudia mara mbili: 250, 245. Siku zote asubuhi hupata 300, na namba yake bora kabisa ni 320. Kwa hiyo chini ya 256, ambayo ni asilimia 80, tayari yuko eneo la njano, yaani la tahadhari. Tukampa pampu, tukachukua bajaji mpaka hospitali. Daktari akasikiliza kifua: kimetulia, hakuna mluzi.

Kumbe tatizo ni skeli. Cha zamani kilikuwa na skeli ya Wright, mtaalamu wa Uingereza aliyetangaza kipimo chake mwaka 1959. Skeli hiyo huzidisha namba, hasa maeneo ya katikati, na huko ndiko aliko mama. Skeli mpya ya Ulaya inaitwa EN 13826, na Uingereza wenyewe walihamia huko mwaka 2004. Pumzi ni ileile, mistari ndiyo tofauti. Ukichanganya daftari moja, unamwona mgonjwa anazidiwa naye mzima, au vibaya zaidi, mzima naye anazidiwa.

Namba moja kwangu ni Mini-Wright, na naipendelea waziwazi. Haina betri, inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na kishale kinabaki pale pale kiliposimama hata macho ya mama yakichelewa. Chukua yenye skeli ya njano na maandishi ya bluu. Ya mtu mzima inafika 800, ya mtoto 400.

Ya pili ni Personal Best ya Philips. Inajikunja kwenye kasha lake na ina alama za rangi tatu za kusogeza, kwa hiyo anayesafiri nayo treni ya Mwanza haimsumbui.

Ya tatu ni Microlife PF 200 ya kidijitali. Inatunza namba yenyewe, lakini betri ikiisha usiku wa kubanwa utafanyaje?

Vya bei chee visivyoandikwa EN 13826 wala ISO 23747, kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, acha.

Kinachoniuma ni wauzaji. Niliuziwa kifaa kimetolewa kwenye boksi, karatasi ya maelekezo haipo, bei karibu mara mbili ya Dar, na nilipouliza skeli nikajibiwa "zote sawa tu, dada." Jamani, hiki si kikombe cha chai! Mtu anaamua kwa namba hiyo kama alale nyumbani au akimbizwe hospitali.

Ukibadilisha kifaa, fungua ukurasa mpya. Puliza asubuhi na jioni, mara tatu tatu, andika ya juu, wiki mbili hadi tatu kifua kikiwa kimetulia. Namba bora mpya ya mama ni 265, nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari. Ile 320 nimeikata.