Filamu za Magonjwa ya Akili: Angalia Vidonge Kabla ya Machozi

Mwigizaji akikonda, akivuruga nywele na kulia vizuri mbele ya kamera, sifa humiminika: kaigiza ugonjwa wa akili kisawasawa. Machozi si kipimo. Angalia vidonge. Nani kaviandika, vinachukua muda gani kufanya kazi, vinamfanya nini mgonjwa mwilini, na akiviacha inakuwaje? Dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 6 kabla ya nafuu kuonekana, na mara nyingi kichefuchefu au usingizi wa mang'amung'amu hutangulia. Filamu ambayo mtu anameza kidonge usiku na kuamka anachekacheka, izime tu.

A Beautiful Mind (2001), juu ya mwanahisabati John Nash, inafaulu sana kwenye kipimo hiki, kisha inajikwaa karibu na mwisho. Kwa muda mrefu mtazamaji hajui kwamba baadhi ya watu anaowaona hawapo, na hapo ndipo mwongozaji alipopatia: imani potofu haiji na bango shingoni. Kwa aliye ndani yake, ni maisha ya kawaida. Ila kwenye skizofrenia, ugonjwa aliokuwa nao Nash, unaomfanya mtu asikie, aone au aamini yasiyokuwepo, sauti ndizo za kawaida zaidi kuliko watu wa kuonekana, na Nash mwenyewe alikuwa akisikia sauti. Kumgeuza mtu wa sauti kuwa mtu wa nyama na koti ni hila ya sinema, tuichukulie hivyo.

Sehemu nzito ni ile ya droo. Nash anaacha dawa kimyakimya na kuvificha vidonge, kwa sababu vinamzibia hesabu, vinamfanya ashindwe kumhudumia mtoto na kumjibu mkewe kitandani. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyoacha dawa: si kwa ukaidi, ni kwa hesabu ya faida na hasara ambayo daktari hakuiuliza. Na ugonjwa haurudi siku ileile. Unanyemelea, nyumba nzima haina habari, mpaka siku mtoto anaachwa kwenye beseni la kuogea maji yakipanda, baba akiamini kuna rafiki anayemwangalia.

Kosa lenyewe ni hili: kabla ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994, Nash wa kwenye filamu anasema anatumia dawa mpya. Nash halisi alikwishaacha dawa tangu takriban mwaka 1970 na hakuzirudia. Sababu iliyotajwa ni hofu ya watazamaji kuiga na kuacha zao. Hofu hiyo ina msingi, maana wengi wakiacha hurudiwa na ugonjwa. Lakini hapo filamu imesema uongo wenye nia njema, na ukikaa kuitazama na mtu anayetumia dawa, mwambie yote mawili: kwamba Nash aliacha, na kwamba wengi wakiacha hurudiwa.

One Flew Over the Cuckoo's Nest (1975) ilipigwa ndani ya hospitali halisi ya magonjwa ya akili huko Oregon, Marekani. Foleni ya dawa dirishani, muziki laini ukipigwa, mgonjwa aitwaye McMurphy anauliza kidonge hiki kina nini. Muuguzi anajibu kwamba ni dawa tu, itamfaa. McMurphy anajifanya kumeza, kisha anakitema. Hakuna filamu iliyoeleza vizuri zaidi kwa nini mgonjwa asiyeelezwa huficha kidonge chini ya ulimi.

Kwenye tiba ya mshtuko wa umeme kichwani ndipo filamu hiyo imeleta madhara ya miaka hamsini. McMurphy anapigwa mshtuko akiwa macho, ameshikiliwa na wahudumu. Siku hizi tiba hiyo hufanywa kwa nusukaputi, na dawa ya kulegeza misuli ili mwili usirukeruke, mara 2 au 3 kwa wiki, jumla mara 6 hadi 12 kwa kawaida. Kusahausahau ni athari ya kweli na lazima mgonjwa aambiwe mapema. Hata hivyo, kwa sonona kali iliyogoma dawa, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi. Wapo wanaoikataa kwa sababu ya onyesho hilo moja.

Silver Linings Playbook (2012) ina mazungumzo ya mezani ambayo ni dhahabu: Pat, mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na Tiffany, wageni kabisa, wanalinganisha dawa walizowahi kupewa kama watu wanaolinganisha shule walizosoma. Pat analalamika zinamvimbisha na kumtia ukungu kichwani. Saa kumi alfajiri anawaamsha wazazi wake kugombana juu ya mwisho wa kitabu alichokitupa dirishani. Usingizi kupungua huku nguvu zikipanda: hiyo ndiyo dalili ambayo familia ya mgonjwa wa baipola inapaswa kuiona mapema. Nusu ya pili, dansi na mapenzi vinabeba sifa yote ya nafuu. Tamu kutazama, lakini usiikariri.

Kwa wasiwasi wa kurudiarudia (OCD), unaomlazimisha mtu kurudia jambo lilelile, tafuta onyesho la msalani kwenye The Aviator (2004). Tajiri Howard Hughes anasugua mikono mpaka inatoka damu, halafu hawezi kushika kitasa cha mlango. Anasimama pale na utajiri wake wote, akisubiri mtu mwingine afungue. Wanaosema "mimi nina hiyo, napenda usafi" waanzie hapo.

Split (2016), ya mtu mwenye nafsi nyingi anayefanywa kitisho, siipendekezi kwa lolote linalohusu ugonjwa. Joker (2019) ina dakika chache za kweli: mhudumu wa jamii anamwambia Arthur, mhusika mkuu, kwamba huduma imekatwa bajeti, naye anauliza dawa zake atazipata wapi. Baada ya hapo ni damu, na utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2020 uliona waliotazama filamu hiyo walitoka na chuki zaidi kwa wenye magonjwa ya akili.

Iliyo bora kuliko zote kwangu ni The Father (2020), juu ya ugonjwa wa kusahau. Itazame mara mbili. Mara ya pili waache watu, fuata fanicha na jiko: vinabadilika kidogokidogo, nawe unaanza kujitilia shaka kama Anthony, mzee mgonjwa, anavyojitilia. Kuna kidonge humo pia, kidogo, cha buluu. Mhudumu anakisifia rangi yake kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga. Anthony anamuuliza kama yeye ni mtawa. Si mtawa, anajibu. Basi, anasema Anthony, kwa nini unaongea nami kama mtu aliyepungukiwa akili?