Nilivyolistaafisha kaunta buku: mwaka mmoja na Bitwarden hapa Uyole

Steshenari yangu ipo Uyole, Mbeya, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu, katikati ya duka la pembejeo na mama muuza chipsi. Natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni, napiga picha za paspoti, na msimu ukifika nawasaidia vijana kuomba vyuo na mkopo wa elimu ya juu. Natanguliza haya ili ujue kwamba anayeisifia Bitwarden, programu ya kutunza maneno ya siri, hajasomea kompyuta. Ni mtu ambaye kwa miaka sita alikuwa na maneno ya siri ya watu karibu mia tatu ndani ya kaunta buku la kwaya tatu.

Wala sikuwa na umbea. Mteja anakuja tunamfungulia akaunti, anapotea miezi mitatu, anarudi: "Dada, ile paswedi tuliweka nini?" Hakumbuki. Barua pepe tuliifungua siku ileile, nayo haikumbuki. Laini ya simu ameshaitupa. Basi nikaanza kuandika: jina, barua pepe, neno la siri. Wengi neno lenyewe lilikuwa jina lao na mwaka wa kuzaliwa, herufi kubwa mbele kwa sababu mfumo ulilazimisha. Buku lilikaa juu ya printa. Mteja akisubiri kopi zake analifunua kama anavyofunua gazeti la juzi, na mimi nipo bize na wino.

Halafu akaja kijana mmoja, uso umemshuka. Akaunti yake ya Facebook ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anawaomba ndugu zake hela kwa jina lake. Shangazi yake wa Makambako alishatuma elfu hamsini. Neno la siri lilikuwa lilelile tulilolitumia kwenye maombi ya chuo, lile nililoliandika kwa kalamu yangu ya bluu. Kama lilitoka kwangu au kwingine, sijui mpaka leo. Hakuniuliza. Ila jioni ile nililibeba buku nyumbani chini ya kitenge kama mtu aliyeliiba.

Ndipo nikaanza kutafuta. Nilifika kwa Bitwarden kwa sababu tatu za kimaskini: ni ya bure, haikuwekei kikomo cha maneno ya siri unayohifadhi, na inafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta kwa akaunti ileile. Ipo tangu 2016, na msimbo wake uko wazi, yaani wenye utaalamu wanaweza kuuchungulia wakaona imeshonwaje. Wateja nawaeleza hivi: ni sanduku lenye kufuli moja. Ndani unaweka maneno yako yote ya siri, wewe unakariri ufunguo mmoja tu. Vitu hufungwa kwenye simu yako kabla havijatumwa kokote, kwa hiyo hata wenye kampuni wanatunza sanduku wasiloweza kulifungua.

Swali la kwanza la kila mteja ni lilelile, nami nililiuliza: je, wakiibiwa wao? Ni swali la haki. Mwaka 2022 kampuni nyingine ya kazi hiihii, LastPass, iliibiwa nakala za masanduku ya wateja wake. Yalikuwa yamefungwa, lakini mwenye ufunguo mwepesi alibaki na wasiwasi, maana mwizi akishabeba sanduku kwake anaweza kujaribu funguo usiku na mchana bila mtu kumzuia. Kwa hiyo uzito wote uko kwenye neno kuu, ule ufunguo mmoja unaoukariri. Bitwarden wenyewe hawakubali lipungue herufi 12. Mimi nawaambia watu wachukue maneno manne yasiyo na undugu, kitu kama parachichi-bajaji-sufuria-loleza (hilo usilichukue, sasa limeshasomwa), na wayacheke mpaka yakae kichwani. Bibi mmoja wa Igawilo alitunga lake kwa Kinyakyusa, akakataa kata kata kuniambia hata neno moja. Huyo ndiye mwanafunzi wangu bora.

Sasa matumizi yenyewe. Simu nyingi zinazokuja kaunta zimejaa video za WhatsApp mpaka hazipokei kitu, kwa hiyo kazi huanza na Files ya Google kufuta video za asubuhi njema na maua. Tukishapata nafasi, tunaipakua Bitwarden kutoka Play Store, tunafungua akaunti, halafu tunaingia kwenye mipangilio ya simu na kuipa kazi ya kujaza maneno ya siri yenyewe. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kila aina ya simu imeficha sehemu hiyo mahali pake. Dakika kumi, wakati mwingine ishirini. Natoza elfu moja, kopi mbili bure.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kile kitengeneza maneno. Unakiambia unataka herufi kumi na sita, kinakupa. Kuna kisanduku cha kuweka tiki ili kiache herufi zinazofanana, sifuri na O, moja na l ndogo. Kwa mtu wa steshenari hiyo tiki ni dhahabu. Kijana anasoma neno kwenye simu yake, mimi sitazami, yeye mwenyewe anaandika kwenye kompyuta yangu, na hatukosei mara tatu mpaka akaunti ifungiwe.

Cha pili nilikielewa kwa kukiona. Mama mmoja muuza mchele wa Kyela aliletewa ujumbe na rafiki yake: mpigie kura mwanangu, bonyeza hapa. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, bluu ileile ya Facebook, unamtaka aingie. Kwa kawaida Bitwarden inachomoza kijibati chake chini, unagusa, inajaza. Safari hii haikuchomoza. Mama akanilalamikia, "Dada, kitu chako kimegoma." Nikaitazama anwani juu pale: haikuwa facebook.com, ilikuwa mkia mrefu wa herufi zisizoeleweka. Macho yake yalidanganyika, na yangu yangedanganyika, ila programu haitazami rangi. Inalinganisha anwani. Aliyemtumia ujumbe, tulipompigia, alikuwa ameshanyang'anywa akaunti tangu jana yake.

Kuna waliokataa, na siwalaumu. Fundi seremala mmoja aliniambia yeye hapakui tena programu yoyote, kwa sababu aliwahi kupakua moja ya mkopo wa haraka ikazoa namba zote kwenye simu yake, na siku aliyochelewa kulipa, mpaka baba mkwe akatumiwa ujumbe kwamba mkwe wake ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na hiyo yake ilifanana nazo kwa kila kitu. Nilimwonyesha kwenye mipangilio ya simu yangu: Bitwarden haina ruhusa ya namba za watu. Alitazama, akatikisa kichwa, akaondoka na kopi zake. Sawa.

Kasoro zipo. Kubwa kuliko zote: ukisahau neno kuu, umepoteza. Hakuna huduma kwa wateja wa kukufungulia, kwa sababu ileile kwamba na wao hawawezi. Kuna njia ya kumpa mtu unayemwamini ufunguo wa dharura, lakini kuiwasha ni kwa wanaolipia. Kwa bure unaweza kushirikiana vitu na mtu mmoja. Mimi na mdogo wangu tunashirikiana neno la Wi-Fi na akaunti ya kuagizia wino, inatutosha. Bando likiisha, sanduku ulilokwisha kuingia bado linafunguka na kusomeka. Kwenye Android hairuhusu kupiga picha ya skrini mpaka uiruhusu, jambo ambalo wateja huliona usumbufu na mimi naliona adabu. Kufungua kwa kidole nako: wakulima wa viazi wa huku vidole vimelika, na Julai asubuhi hata changu, kilichokauka kwa karatasi na baridi, hakisomeki. Utaandika neno kuu kwa mkono huku unatetemeka.

Mwezi wa tisa nikapata mtihani wenyewe. Nilishuka kwenye bajaji Kabwe, mfuko wa mbele mwepesi. Simu hakuna. Sijui kama nilichomolewa au niliiangusha mwenyewe. Nilirudi dukani mbio, nikaingia kwenye ile huduma ya Google ya kutafuta simu, nikaifunga kwa mbali na kuandika kwenye kioo namba ya mdogo wangu. Hakupiga mtu. Kesho yake nikaenda kurudisha laini, kidole changu kikagoma mara mbili kwenye mashine, cha tatu kikapita.

Simu mpya mkononi, nikaipakua Bitwarden, nikaandika neno kuu kwa kujiamini. Ikaniambia: kifaa hiki ni kipya, tumekutumia namba kwenye barua pepe. Neno la siri la barua pepe liko wapi? Ndani ya sanduku. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikacheka peke yangu. Kosa ni langu kabisa, nilikuwa nimefungia ufunguo ndani ya nyumba. Kilichoniokoa ni aibu: barua pepe yangu ilikuwa wazi kwenye kompyuta ya duka, jambo ninalowakataza wateja kila siku.

Siku hiyohiyo nilichukua zile namba kumi za akiba ambazo Google hutoa, kila moja hutumika mara moja, pamoja na namba ya akiba ya Bitwarden ya kupita uthibitisho wa hatua mbili ukikwama (neno kuu bado utaliandika), nikaziandika kwenye karatasi na kuipeleka kwa mama yangu, Tukuyu. Imo ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Hajui ni nini, anadhani ni hesabu za kikoba.

Kuna jambo ambalo Bitwarden haikunisaidia, na ndilo lililozuia hasara: laini yangu ilikuwa na PIN yake yenyewe. Siyo ya kufungua simu, ya laini. Ukiichomeka laini hiyo kwenye simu nyingine inadai namba, ukikosea mara tatu inataka PUK, namba nyingine inayotoka kwa kampuni ya simu. Bila hiyo, aliyeiokota angeiweka kwenye kitochi chake, akapokea ujumbe wa kuthibitisha WhatsApp yangu, na ningeanza kusikia nimewaomba watu hela. Ipo kwenye mipangilio ya usalama ya karibu kila simu na haihitaji kupakua kitu. Kati ya wateja kumi ninaowauliza, mwenye nayo ni mmoja, na siku nyingine hayupo. Ukishafika huko kwenye simu, piga na *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Baba mmoja wa Nsalaga alikuta laini asiyoijua.

Na kwenye kompyuta zangu nilizima ile tabia ya Chrome ya kuuliza kama ihifadhi neno la siri. Kabla ya kuzima nilifungua orodha nikaona ilichokwisha kuhifadhi: kaunta buku la pili, nisilolijua, refu kuliko la kwanza. Sasa kila mteja anafunguliwa dirisha la mgeni, akilifunga, akaunti na kurasa alizofungua zinaondoka naye.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya ule ufunguo wa dharura. Watu wa kipato chetu ndio hasa wenye wazee wanaosahau.

Si kila mtu anaihitaji, lakini. Mzee mmoja mwenye kitochi, mkulima wa mahindi aliyekuja na ujumbe wake wa mbolea ya ruzuku, aliniomba nimwandikie namba yake ya siri nyuma ya kadi. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe, akaenda kuificha kwake anakojua. Karatasi iliyoko nyumbani kwake hawezi kuiona hacker wa Urusi wala kibaka wa Mwanjelwa.

Buku lenyewe bado ninalo, nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Kila mteja wa zamani akija tunabadilisha neno lake, analiweka kwenye simu yake au kwenye karatasi yake, halafu nampa ukurasa auchane. Wengine wanauchana vipande vidogo sana, wengine wanaomba kiberiti. Wamebaki kumi na mmoja. Mmoja wao yuko Chunya kwenye dhahabu, na simu yake haipatikani tangu Pasaka.