FEFO kwa binti wa miaka 15: uzoefu wangu baada ya miezi minne

FEFO ni kidonge cha kuongeza damu, chenye chuma (feri salfeti) na asidi ya foliki. Kidonge kimoja kwa siku, Hb (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, kwa g/dL) imetoka 9.1 hadi 12.7. Nyota nne kati ya tano. Na dawa yenyewe sina ugomvi. Nyota niliyokata ni ya maelekezo. Bahasha imeandikwa "1 x 1" kwa kalamu, basi, na yaliyoachwa nje ya hiyo "1 x 1" ndiyo yanayofanya watu waseme FEFO haifanyi kazi.

Kwanza hakikisha ni chuma kweli kilichopungua. Msogeze kijana dirishani, vuta kope ya chini: kwa ndani pawe pekundu. Pakiwa na rangi ya nyama ya kuku iliyooshwa, nenda maabara. Jicho lakini hudanganya upungufu ukiwa mdogo. Dalili ninayoiamini zaidi ni uchu wa ajabu: kutafuna barafu, mchele mbichi, udongo wa pemba. Ongeza moyo kwenda mbio kwa ngazi chache, na kichwa kuuma. Kwa msichana, Hb chini ya 12 ni upungufu wa damu. Mvulana akifika miaka 15 mpaka wake ni 13. Ukimudu kipimo cha feritini, chukua, maana akiba ya chuma huisha kabla Hb haijashuka. Feritini chini ya 15 (mikrogramu kwa lita), akiba imekwisha. Usipime akiwa na homa, feritini hupanda kwa maambukizi na majibu yatakupotosha.

Sasa chai. Kidonge cha feri salfeti ya miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65, na mwili huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Ukikimeza na chai ya maziwa ya asubuhi, majani yanakishika chuma, maziwa nayo yanazuia, na kinachobaki kinaishia chooni. Sisi tunatoa saa kumi jioni, tumbo halijajaa, kwa maji na chungwa au pera. Chai inasubiri kwa muda wa saa mbili. Dawa za kiungulia vilevile zisikaribiane nacho.

Usiongeze vidonge ili damu ipande haraka. Baada ya dozi, ini hutoa hepsidini, homoni inayobana mlango wa chuma kwa takriban siku nzima, kwa hiyo kidonge cha pili kinabaki tumboni kuleta kichefuchefu na kufunga choo. Choo cheusi ni kawaida. Tumbo likimsumbua, mpe nafasi ya siku moja katikati; kumeza siku moja na kuruka moja bado kunafaa, na ni bora kuliko kuacha kabisa.

Sirapu tuliijaribu wiki moja. Ladha ya msumari, meno yakaanza kuwa na doa la kahawia (tumia mrija), na kwa dozi ya kijana chupa inaisha upesi mno. Hiyo waachieni wadogo. Juisi ya bitiruti inywe kwa raha zako, ila wekundu wake si chuma. Dagaa na maini vina chuma zaidi na mwili unakipokea vizuri zaidi.

Baada ya wiki nne Hb iwe imepanda kama 1 au zaidi. Yetu ilifika 10.6. Isipopanda, na vidonge vinamezwa kweli (vihesabu, msiulizane), kuna pengo linalovuja: safura, au hedhi inayozidi siku saba na kuloanisha pedi kila saa moja au mbili. Rudi kwa daktari, aangalie pia malaria na selimundu. Mgonjwa wa selimundu asianzishiwe chuma kwa kukisia. Hb ikiwa chini ya 8, usihangaike na duka la dawa, nenda hospitali.

Hb ikifika 12 watu wengi huacha, na miezi michache baadaye wanarudi palepale. Endelea miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Sisi tumebakiza miwili.

Lawama yangu ya mwisho ni ile bahasha. Vidonge ni vyekundu, vinang'aa kama pipi, na vinakaa kwenye kijimfuko ambacho mtoto wa miaka miwili anakifungua. Kumi vinaweza kumuua mtoto wa kilo kumi. Vyetu viko kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, juu ya kabati.