Vitabu vya vimbunga nilivyosoma hapa Bukavu, na kile ambacho ningekupa kwanza

Kimbunga cha baharini hakiwezi kufika Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo. Ili kizaliwe kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, na kinataka mzunguko wa dunia uusokote upepo; karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, tena juu milimani, mbali na kila bahari. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na haki ya kuniuliza, aliponikuta tena na kitabu cha aina hiyo mkononi: “Yaya, hicho kimbunga kitapitia wapi mpaka kifike Kadutu?”

Nilimjibu kwamba ninachokitafuta humo ni zile saa za kabla ya upepo. Nani alijua? Alimwambia nani? Na aliyeambiwa, kama alibaki amekaa, alizuiliwa na nini? Maswali hayo ni yetu kabisa. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilipiga Kalehe, kando ya ziwa Kivu, mito ikashuka na matope na mawe makubwa, ikafagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Walikufa zaidi ya watu 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kila anayepanda boti kwenda Goma anajua mwambao huo. Na hapa mjini, ni mtaa gani wa mlimani usio na familia iliyopoteza nyumba usiku wa mvua? Nimevisoma vitabu hivi nikiwa na hayo moyoni, na maoni yangu yanatoka hapo.

Ukiniomba kimoja tu, nitakupa riwaya ya Zora Neale Hurston, *Their Eyes Were Watching God*, ya mwaka 1937. Wanaosoma Kifaransa wataipata kwa jina la *Mais leurs yeux dardaient sur Dieu*, tafsiri ya Sika Fakambi, mwanamke aliyekulia Benin. Sehemu kubwa ya kitabu haina kimbunga. Kuna Janie, mwanamke mweusi wa Florida, ndoa zake mbili zilizombana, na hatimaye Tea Cake, mwanamume anayempenda na kucheka naye. Wanakwenda kufanya kibarua cha kuvuna maharagwe kando ya ziwa Okeechobee, kwenye udongo mweusi wenye rutuba, wakiishi na vibarua wengine, jioni ngoma na kamari. Ukifika hapo umeshawazoea watu hawa kama majirani, na ndipo dalili zinaanza.

Wahindi Wekundu wa kabila la Seminole wanapita mbele ya nyumba, familia nzima nzima, wanaelekea upande wa juu. Wanaulizwa, wanasema kimbunga kinakuja. Kisha sungura wanapita, nyoka wanapita, kulungu wanapita, wote upande ule ule. Kijana mmoja anakuja na gari, anawaambia Janie na Tea Cake wapande waondoke. Tea Cake anakataa. Maharagwe yanalipa vizuri, wazungu wenye mashamba hawajaondoka, na anga bado ni safi. Nilizifunga kurasa hizo kwa muda nikapumua, kwa sababu kila sababu anayoitoa nimeshawahi kuisikia hapa: kazi iko, nyumba iko, wakubwa hawajasogea, basi na sisi tusisogee. Hurston hamtukani Tea Cake kwa hilo wala hamfanyi mjinga. Anakuonyesha jinsi mtu mwenye akili timamu anavyobaki.

Usiku ziwa linavunja boma la udongo lililokuwa likizuia maji yake. Hilo ndilo lililonishika zaidi mimi mtu wa Kivu, kwamba maji yaliyowaua hayakuwa ya bahari, yalikuwa ya ziwa walilokuwa wakilitazama kila siku. Na ni tukio la kweli. Septemba 1928 kimbunga kilisukuma maji ya Okeechobee yakapita juu ya boma la kusini, wakafa watu wasiopungua 2,500, wengi wao vibarua weusi wa mashambani. Baada ya maji kupungua, Tea Cake anakamatwa na watu wenye bunduki, analazimishwa kuzika maiti. Wanaambiwa waangalie vizuri kila mwili: mzungu apate sanduku, mweusi atupwe shimoni na chokaa juu yake. Wanalalamika kwamba miili imeharibika, rangi haijulikani tena, lakini amri ni amri. Nako huko ni kweli: West Palm Beach kuna kaburi moja la pamoja la watu 674, weusi. Sijasoma kurasa nyingine zinazoonyesha kwa utulivu hivyo kwamba ubaguzi unaweza kumfuata mtu hata baada ya maji kumuua.

Mwisho wa Janie na Tea Cake siusemi. Nitasema tu kwamba kimbunga kinaendelea kuua wiki kadhaa baada ya upepo kutulia, kwa njia ambayo hukuitazamia. Ugumu wa kitabu ni lugha: watu wanazungumza Kiingereza cha weusi wa Kusini, na hata kwenye Kifaransa mfasiri ameunda namna yake ya kusema. Kurasa za kwanza zinataka uvumilivu. Zisome kwa sauti, zitafunguka.

Kwa upande wa habari za kweli ninaweka mbele *Isaac's Storm* cha Erik Larson, kilichotoka mwaka 1999. Kinasimulia Galveston, mji wa Texas uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga ambacho mahali pake pa juu kabisa hapakufika hata mita tatu kutoka usawa wa bahari. Tarehe 8 Septemba 1900 bahari iliufunika. Hesabu inayotajwa sana ni watu 8,000, na hakuna msiba wa asili ulioua watu wengi zaidi kuliko huo katika historia ya Marekani.

Isaac Cline ndiye alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa wa mji. Miaka tisa kabla, mwaka 1891, aliandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuiharibu Galveston ni upuuzi. Watu walimwamini, maana ndiye msomi wao, na mpango wa kujenga ukuta wa bahari haukufika popote. Lakini sehemu iliyonikasirisha zaidi ni Cuba. Wataalamu wa Havana, waliokuwa wamejifunza vimbunga kwa miaka mingi kwenye kituo cha mapadri Wajesuiti, waliona kwamba dhoruba hii inaelekea magharibi, upande wa Texas. Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani iliwadharau. Ilikuwa imezuia hata telegramu zao za habari za vimbunga zisipite. Yenyewe ikatangaza kwamba dhoruba itapinda kaskazini, ipande kandokando ya pwani ya Florida. Walioijua bahari hiyo walinyamazishwa na waliokaa mezani Washington.

Nilipofika hapo nilifikiri juu ya wazee wa kule kwetu wanaosema mto huu uliwahi kupita hapa, msijenge, na jinsi tunavyowasikiliza kwa heshima halafu tunapandisha manjanja, yaani mabati, juu ya nyumba mpya palepale.

Larson anaandika vizuri sana. Barometa, kile chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa ambacho hushuka dhoruba ikikaribia, ikishuka, unaisikia ikishuka. Anaifuata dhoruba tangu ikiwa upepo tu uliotoka Afrika, na hilo linafaa kujulikana: vimbunga vingi vikali vya Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa yanayovuka bara letu kwenda magharibi, yakatokea baharini upande wa Senegal. Nina jambo moja dhidi yake. Mara kwa mara anaingia mno ndani ya kichwa cha Isaac, anatuambia aliwaza nini na alihisi nini, mahali ambapo hakuna barua wala shahidi. Ila ana uaminifu wa kutilia shaka hadithi maarufu kwamba Isaac alizunguka ufukweni na mkokoteni akiwaonya watu wakimbie. Isaac mwenyewe alimpoteza mkewe, Cora, usiku huo. Na kuna kituo cha yatima cha St. Mary's, ambako masista kumi walijifunga kamba pamoja na watoto ili wasitenganishwe na maji. Watoto walikuwa zaidi ya 90. Walipona wavulana watatu. Kurasa hizo usizisome usiku ukiwa peke yako, umeme ukiwa umekatika na mvua ikipiga bati.

Jesmyn Ward nimemsoma kwa Kifaransa. *Salvage the Bones* kimefasiriwa kwa jina la *Bois Sauvage*. Kilipata tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani, National Book Award, mwaka 2011. Esch ana miaka kumi na mitano, ana mimba aliyoificha, mama yake alifariki akimzaa kitinda mimba, na baba yake mlevi ndiye pekee anayeamini kwamba kimbunga cha safari hii si cha mchezo. Watoto wamechoka na mahangaiko yake ya mbao na misumari. Kitabu kina siku kumi na mbili tu, kila siku sura yake, na kimbunga chenyewe, Katrina, kinafika karibu na mwisho. Ward alikuwa Mississippi yeye na ndugu zake siku ile, na inaonekana: maji hayaelezwi kwa mbali, yanapanda ndani ya nyumba, chumba baada ya chumba, hadi darini. Tahadhari kwa wasiovumilia: mapigano ya mbwa yameandikwa kwa kina, na damu ni nyingi. Mimi niliyavumilia kwa sababu upendo wa yule kaka, Skeetah, kwa mbwa wake ndio unaobeba nusu ya kitabu.

Kuna kimoja nilichompelekea rafiki yangu muuguzi, *Five Days at Memorial* cha Sheri Fink, daktari aliyegeuka mwandishi wa habari. Ni New Orleans, Katrina ileile, Agosti 2005. Hospitali imezungukwa na maji, umeme umekatika na jenereta zimezimika, wauguzi wanawapulizia wagonjwa hewa kwa mikono, joto halivumiliki, helikopta zinakuja moja moja. Nani atolewe kwanza? Waliamua kwamba wagonjwa mahututi wawe wa mwisho. Maji yalipokwisha, miili 45 ilikutwa mle ndani, na baadhi ya wagonjwa walikuwa wamechomwa sindano za mofini na dawa ya usingizi. Daktari Anna Pou alikamatwa pamoja na wauguzi wawili. Mwaka 2007 baraza la raia lilikataa kumfungulia mashtaka. Fink anatoa nafasi kwa kila upande. Nusu ya pili, ya wapelelezi na wanasheria, ni ndefu kuliko inavyopaswa. Nusu ya kwanza kila mkuu wa hospitali wa Kivu angeisoma. Rafiki yangu aliponirudishia aliniambia: “Dada, haya maswali sisi tunayapata hata bila kimbunga.”

Kwa sayansi, *Divine Wind* cha Kerry Emanuel, cha mwaka 2005, kinatosha. Hesabu zipo, lakini unaweza kuziruka. Kati ya sura ameweka michoro, mashairi na historia, pamoja na zile tufani zilizovunja majeshi ya Wamongolia yaliyokwenda kuivamia Japani mwaka 1274 na 1281. Tukirudi kwenye riwaya, *Ouragan* cha Laurent Gaudé, cha mwaka 2010, nacho cha Katrina, kinapatikana kirahisi kuliko vyote kwa wasomaji wa Kifaransa, na Josephine, bibi wa karibu miaka mia anayekataa kuhama, ana sauti ya nguvu. Sauti nyingine zote zinapazwa mno. Baada ya Ward, kwangu kilipungua ladha.

Ningetamani mwandishi wa Kiswahili atuandikie riwaya ya kimbunga cha Unguja cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya kisiwa na kuzamisha vyombo bandarini, au ya kimbunga Idai kule Beira, Msumbiji, mwaka 2019.

Kuvipata si rahisi. Hapa mjini sikukuta hata kimoja dukani. Vingine nililetewa na msafiri kutoka Kigali, vingine nilinunua nikasoma kwenye simu, na kwenye simu riwaya zinasomeka bila shida. Kama nyumbani kuna kijana wa sekondari, mwanzishie *Typhon* cha Joseph Conrad katika tafsiri ya André Gide. Ni kifupi, kina meli moja, na kapteni MacWhirr anayeona barometa imeanguka lakini anakataa kuizunguka dhoruba kwa sababu makaa ya mawe yatapotea bure. Wachina 200 wako chini melini, sanduku zao zimepasuka, fedha ya miaka ya kibarua inabingirika gizani. Kijana wako ataanza kubishana na MacWhirr kabla ya kufika katikati. Akimaliza, mpe Hurston.